Kitabu Kisicho na Picha

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimeona tajiri akilala ana ng'ombe mia, akaamka mkimbizi mwenye sufuria moja. Mimi mwenyewe nilianza kubeba magunia ya pamba huko Uganda nikiwa sina hata shati la pili, na niliporudi Juba baada ya amani nilirudi na mashine ya kusaga unga, tena nimeilipia yote. Nilijenga kwenye mtaa wa Hai Malakal nyumba ya mabati wakati wenzangu bado wanakata nyasi za kuezekea. Shule nilisoma madarasa matatu. La nne niliingia wiki mbili nikatoka. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata kwa makuli na madereva, na kimenifikisha mbali kuliko Kiingereza kilivyowafikisha wengine.

Nguvu nilikuwa nazo. Waulize watu wa zamani wa Juba, watakwambia. Gunia mbili za mtama, moja juu ya nyingine, nilizichukua mgongoni kutoka kwenye lori mpaka mlangoni pa mashine bila kupumzika.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa mtu wa namna nyingine. Tulipokimbia vita alikuwa na miaka saba, na mama alimfunga mgongoni mwangu kwa kanga yake kwa sababu miguu ya mtoto ilikuwa imevimba. Nikambeba siku tatu mpaka tukavuka mpaka. Mama hakuvuka. Basi nikamlea mimi, na kila senti ya pamba ilikwenda kwenye ada yake. Akasoma. Akawa anaandika barua za watu wote wa kambi ya wakimbizi, mwandiko umelala vizuri kama nyasi baada ya mvua. Lakini mwili wake ulikuwa mwembamba, mikono kama ya msichana, na akipanda mlima wa Jebel alikuwa akisimama mara nne kutafuta pumzi.

Katikati ya miaka ya sabini serikali mpya ya Kusini mwa Sudan ilikuwa ikitafuta askari wa mbuga za wanyama. Mdogo wangu aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Alifanya mtihani wa kuandika, akawashinda wote. Ukabaki mtihani wa mwili, baada ya miezi mitatu: kubeba gunia la mchanga la kilo hamsini kuuzunguka uwanja wa mpira bila kulitua. Asiyeweza anarudi nyumbani, hata akiwa na akili za kuhesabu nyota.

Nikamwambia, "Hiyo kazi niachie mimi. Miezi mitatu tu, utalibeba gunia pamoja na mkubwa wao akiwa amekaa juu yake."

Akacheka. "Kaka, mkubwa wao ana kitambi. Tuanze na gunia."

Wakati huo Mgiriki mmoja mwenye duka alikuwa akifunga biashara yake arudi kwao, anauza kila kitu mpaka rafu. Mtoto wake wa kiume alikuwa mtu wa mazoezi, ameacha vyuma vyake nyuma ya duka. Tukaenda pamoja kuvitazama.

Vyuma mimi najua kuchagua. Sikununua kwa macho. Nilikipiga kila kisahani cha uzito kwa nyundo na kusikiliza: kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinalia kama sufuria iliyotoboka. Fimbo ya chuma niliibingirisha juu ya sakafu ya saruji nione kama imepinda. Benchi nililikalia, nikajirusha juu yake mara tatu, miguu yake haikutikisika. Spring za kuvuta kwa mikono nilizikataa, zilikuwa zimeshika kutu kwenye ndoano, na spring yenye kutu ikikatika inakuchana uso. Mgiriki mwenyewe alisema, "Wewe umefanya kazi hii." Nikamwambia mimi nimefanya kazi zote.

Kisha akatoa vitabu viwili. Kimoja kikubwa, karatasi zake zinang'aa, kimejaa picha za wanaume wenye vifua kama milango. Hicho alikitoa bure, nyongeza ya vyuma. Cha pili kilikuwa kidogo, jalada la kijivu, ndani maneno matupu, na hapa na pale kijichoro cha kalamu.

"Hiki kidogo ni cha kuanzia," Mgiriki akasema. "Kwa mtu dhaifu ni kizuri zaidi. Girishi thelathini na tano."

Mdogo wangu alikuwa tayari amekifungua, anasoma amesimama, midomo inacheza. "Kaka, kina mambo ya kubeba mizigo. Kinaeleza uanze na uzito gani, upumue vipi. Tukichukue."

Thelathini na tano hazikuwa kitu kwangu. Pauni ina girishi mia, na siku hiyo nilikuwa nimeshatoa pauni kumi na mbili za vyuma bila kukunja uso. Lakini nilikitazama kile kitabu sikuona mahali pa kushika. Kwenye kile kikubwa niliweza kuonyesha kidole na kusema fanya hivi. Kwenye kile kidogo mimi ningekuwa mwanafunzi na mdogo wangu mwalimu, ndani ya uwanja wangu.

Nikasema kwa sauti, ili watu waliokuwa dukani wasikie, "Mimi sinunui maneno."

Watu wakacheka. Mdogo wangu akakirudisha kitabu mezani, akakinyoosha sambamba na ukingo wa meza, kama mtu anayeheshimu kitu cha mwenyewe.

Tukaanza mazoezi nyuma ya nyumba yangu, kila saa kumi jioni jua likipungua makali. Nilichagua zoezi la jalada la kile kitabu kikubwa: mtu amelala chali kwenye benchi, anasukuma chuma juu ya kifua. Mdogo wangu akasema, "Lakini kaka, mtihani ni wa kubeba gunia. Hawatatuambia tulale."

"Mtu akiweza kulala na chuma, ataamka na gunia," nikamjibu. Alikuwa na adabu. Akalala.

Siku moja alikuwa akiitazama ile picha ya jalada. Nyuma ya kichwa cha yule aliyelala alisimama mwanamume mwingine, mikono wazi, amekiinamia chuma. "Huyu anafanya nini hapa?"

Nikatazama. "Anangoja zamu yake."

"Mbona anatazama chuma, hatazami kamera?"

"Wewe sukuma," nikasema.

Benchi lenyewe halikuwa na vishikizo vya kulazia fimbo, kwa hiyo nilikuwa nikimwekea chuma mikononi mwenyewe, na akimaliza nakichukua. Visahani vilishikwa na nati pembeni. Mimi nilizikaza nati zile kwa spana mpaka mwisho, asije akapunguza uzito kwa siri nikigeuka. Hakuwa mtu wa kupunguza. Sijui kwa nini nilifikiri hivyo.

Mwili wake ulianza kubadilika, sitadanganya. Baada ya wiki sita mashati yalimbana mabegani, na mke wangu akawa anamtania, "Shemeji, sasa tukutafutie mke mwenye nyumba yenye mlango mpana." Na mimi nilimwekea pia gunia la mchanga wa mtoni, tukalianza kwa kilo ishirini, tukafika arobaini. Bado kumi tu, na wiki tatu mkononi. Nilikuwa nimeshawaambia watu wote sokoni kwamba mdogo wangu ni askari wa mbuga.

Jioni moja, lori la mtama likasimama mbele ya nyumba. Nilikuwa nimetoka kumwekea mdogo wangu chuma mikononi, uzito mkubwa kuliko siku zote. Ameshasukuma mara tatu. Dereva akapaza sauti kutoka barabarani, mtu wa mzaha, mgeni wa Juba, "Wako wapi wenye mashine? Nimeambiwa hapa kuna mtu anabeba gunia mbili. Mimi naona mbuzi tu!"

Watu waliokuwa kwenye foleni ya kusaga wakaangua kicheko.

Nikamwambia mdogo wangu, "Sukuma mara tano zaidi. Nakuja sasa hivi."

"Kaka, usiende mbali," akasema. Macho yake hayakutoka kwenye chuma.

Nikaenda. Nilimwambia dereva apandishe gunia mbili mgongoni mwangu, akapandisha, nikazipeleka mpaka mlangoni. Watu wakapiga makofi. Ningeweza kurudi hapo. Lakini dereva akasema, "Mlangoni hata punda anafika. Zunguka lori!" Nikalizunguka lori. Wanawake walipiga vigelegele, mashine inanguruma ndani, mimi nikaongeza mzunguko wa pili ambao hakuna aliyeniomba.

Mke wangu alikuwa jikoni. Sauti ya mtu hakuisikia, kwa sababu mtu aliyebanwa na chuma chini ya shingo hana sauti. Alisikia visigino vinapiga udongo. Alikimbia, akamwita jirani yetu aliyekuwa akianua nguo, na wale wanawake wawili, mmoja kila upande, wakakinyanyua kile chuma nilichokuwa nikijisifia kwamba hakuna wa kukinyanyua mtaani ila mimi. Nilirudi na jasho langu na makofi yangu, nikamkuta amelazwa chini, kichwa chake mapajani mwa mke wangu, midomo imekuwa na rangi ya majivu.

Hakufa. Mtulinga wa kulia ulivunjika vipande, na daktari akasema mishipa inayopeleka nguvu mkononi imekatika ndani ya bega. Mfupa uliunga. Mkono ukabaki unaning'inia kama wa shati.

Siku ya mtihani alinitaka nimpeleke uwanjani. Tulisimama nyuma ya kamba tukawatazama wengine wakizunguka na magunia. Mmoja alianguka hatua chache kabla ya kumaliza, na mdogo wangu akasema polepole, "Pole, ndugu," kama aliyeanguka ni jamaa yake. Mimi hakuniambia neno baya. Siku ile wala baadaye. Nilimngoja anitukane, ningefurahi.

Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mwaka uliofuata akapanda lori kurudi Uganda. Jamaa yetu mmoja alikuwa na kazi ya kumpa, kutunza stoo ya shule. Nilimpandisha juu ya lori kwa mikono yangu. Alikuwa mwepesi tena.

Barua ilikuja moja. Herufi kubwa, zimeegemeana, zingine zimetoka nje ya mstari. Nilipoifungua nilidhani ni mimi nimeiandika, maana hivyo ndivyo ninavyoandika mimi mpaka leo. Aliandika yuko salama, kazi si nzito, nimsalimie shemeji. Kisha vita vikaingia huko, watu wakatawanyika, na barua nyingine haikuja. Nimeuliza kila dereva wa njia ile. Nimewaeleza: mtu mwembamba, mkono wa kulia haufanyi kazi. Wote wanasema watamwangalia.

Miaka yote hiyo nilikuwa na maneno yangu ya kujitetea. Nilijiambia sikujua. Nilijiambia ile kazi ya yule mtu wa pichani, aliyesimama nyuma ya kichwa cha aliyelala, ilikuwa siri ya wasomi, imefungiwa ndani ya kile kitabu cha kijivu, na mimi ni mtu wa madarasa matatu, ningejuaje? Kosa langu ni girishi thelathini na tano, basi. Mtu anaweza kulala usingizi na kosa la namna hiyo.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini nilikwenda sokoni kununua betri za tochi. Muuzaji alikuwa amepanga makufuli, miwani iliyotumika, na vitabu vichache vilivyoliwa na mchwa. Nikakiona. Jalada la kijivu, michoro ya kalamu. Pengine kilikuwa kilekile, pengine ndugu yake. Nikauliza bei, akaitaja, nikatoa. Mimi, ambaye sijawahi kulipa bei ya kwanza tangu nizaliwe, sikuomba apunguze.

Nikampelekea mke wangu. Yeye alifika darasa la saba na Kiingereza kidogo anakijua. Tukakaa uani, mahali palepale, nikamwambia atafute mchoro wa mtu aliyelala. Akaupata. Akasoma polepole, anageuza maneno kwa Kiswahili, kidole kikifuata mstari.

"Kinasema, usilale chini ya chuma peke yako. Kinasema, yule aliyekuwekea mzigo mikononi ndiye atakayeupokea. Asiondoke mpaka aupokee."

"Rudia."

Akarudia.

Sasa lazima nieleze. Kule kwenye pamba, sisi makuli tulikuwa na sheria moja kuliko zote. Gunia la pamba humtwiki mtu ukaenda zako. Aliyekutwika ndiye akutue. Anatembea kando yako mpaka stoo, hata akiitwa na tajiri haendi. Nilimwona kuli mmoja akifukuzwa na wenzake kwa fimbo kwa kuivunja sheria hiyo, na mimi nilikuwa mmoja wa walioshika fimbo.

"Hayo mimi nayajua," nikamwambia mke wangu.

"Najua unayajua, baba watoto," akasema. "Ulinisimulia ulipokuja kuniposa. Ulikuwa unajisifu kwamba hujawahi kumwacha mtu na mzigo."

Akakifunga kitabu, akakiweka magotini, akakipangusa vumbi kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza, kama anavyouliza kila ninapotoka sokoni, "Umekinunua bei gani?"

"Girishi kumi na tano."