Pete ya Mama Chini ya Kikombe

Kila ninapompaka mwanangu poda baada ya kumwogesha, narudi kimawazo utotoni, kwenye ukumbi ule wa mtaani kwetu Shieywe, mbele ya meza iliyotandikwa blanketi la kijivu. Chama cha mazingaombwe kilikuwa na mashindano ya mezani, yale ambayo watazamaji hukuzunguka hadi unasikia pumzi zao. Baba alijipaka poda mikononi ili jasho lisimharibie mchezo. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Mama tulikuwa tumemzika majuzi tu.

Watu wetu huogopa uchawi, kwa hiyo chama kiliweka sharti: kabla ya kuanza, kila mshindani akunje mikono ya shati na kujieleza. Baba akakunja, akasema kwa sauti iliyokauka, "Jamani, hapa hakuna dawa. Ni mikono tu."

Kisha akaniita. Akaweka pete ya mama kwenye kiganja changu, akanifumba vidole, akapuliza. Nilipofumbua, pete haikuwepo. Akafunua kikombe kilichokuwa kule mwisho wa meza, na pete ilikuwa pale, ingali na joto la mkono wangu. Kilichopotea kilikuwa kimerudi.

Watu wakapiga makofi. Senje, dada yake baba, aliniona nimeishika ile pete nikiukodolea mlango macho, akaninong'oneza, "Wacha kuogopa. Si umemsikia mwenyewe? Ni mikono tu."

Nikaitikia kwa kichwa. Katika ukumbi mzima, nadhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiomba baba awe amedanganya.