Kibodi Iliyomaliza Chaji Siku ya Mazishi

Mimi ndiye kifungua mimba, na kwa vile niko na kazi ya ofisi Kitengela, nilijiona msomi wa familia. Asubuhi tuliyomzika baba kule Matasia, ndugu zangu walibeba viti. Mimi nilichomeka kibodi ya waya kwenye simu, nikaandika historia ya maisha yake kwa madaha. Hata chakula alichopenda niliambiwa na shangazi. Sikujua kibodi inanyonya chaji, na tundu nililoichomeka ndilo hilo hilo la chaja.

Mbele ya waombolezaji nilisoma aya moja, simu ikazima. Nikaibonyezabonyeza.

"Wachana na simu, mwanangu," mama akasema kwa upole. "Tuambie tu wewe mwenyewe. Si ni baba yako?"