Shemeji yangu Mafuru alivyowachaji domodomo, nikaungua mimi

Wakuu, heshima kwenu. Shule niliishia darasa la saba, mpangilio mtanisamehe. Ila hili lilinipata mwenyewe, na ushahidi ninao vidoleni.

Miaka ile ya tisini kiwanda chetu cha Nyakato kiliuzwa, tukapunguzwa. Nikarudia uvuvi.

Akaja mtaalamu wa samaki, Mhaya, tukimwita Mama Koku. Anataka domodomo, yule mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Tena wazima.

Nilipompatia, akatumbukiza nyaya mbili kwenye beseni la plastiki, akaziunga kwenye spika ndogo. Wakuu, samaki wakasikika: tk, tk, tktktk.

Akanielewesha. Mkiani domodomo anatoa umeme kidogo sana. Ngozini ana vitundu, na kila kitundu kina mshipa wa fahamu unaopeleka pigo kwenye ubongo. Haupeleki picha, pigo tu. Ubongo unajua umeme umetoka saa ngapi, kwa hiyo unapima: pigo limewahi au limechelewa? Karibu na chuma linawahi. Karibu na jiwe linachelewa. Hivyo ndivyo anavyopita kwenye tope bila kuona.

"Naenda Geita, narudi Jumatatu," akasema. "Nikiwakuta wazima, kazi ya kuwatunza ni yako moja kwa moja."

Sasa pale nyumbani alikuwepo Mafuru, kaka wa mke wangu. Namtaja jina, akisoma asome.

Jumapili spika ikanyamaza.

"Shem, hawa wameisha chaji."

"Samaki siyo betri, Mafuru."

"Betri za redio si unazianika juani zinapata nguvu? Ubishi huo ndio uliokutoa kiwandani."

Nikampuuza. Kosa langu ni hilo.

Niko peku kwenye sakafu yenye maji, mkono ndani ya beseni natoa mabaki ya minyoo. Yeye kachomoa nyaya kwenye spika, kazichomeka tupu kwenye soketi ya ukutani, kazibana na njiti za kiberiti.

Nilizinduka niko chini, beseni limepinduka, domodomo wote wamekufa. Mafuru kasimama tu. "Umeme wa huku mkali, shem."

Jumatatu Mama Koku akafungua spika. Waya wa ndani ulikuwa umeachia. Samaki walikuwa wanaongea siku nzima, sisi ndio hatukuwasikia. Kazi akapewa mtu wa Busisi.

Mpaka leo vidole viwili vya mkono wa kulia vinaleta habari kwa kuchelewa. Nashika kikombe cha chai, nakitua, ndipo naambiwa kilikuwa cha moto.

Kitu kikinyamaza, kagua waya kwanza. Na fundi wa kujitolea akiingia, toa mkono kwenye maji.

Nanyi mlioharibiwa na shemeji, semeni hapa. Nitajibu, ila taratibu. Naandika kwa mkono wa kushoto.