Yotamu Aomba Mtoto Mmoja

Yotamu aliishi miaka kumi na minne kijijini kwa mkewe Zelifa, huko Dedza, kama waume wote wa pale. Alijenga nyumba kwenye uwanja wa wakwe, akalima mashamba yao, akazaa watoto watatu ambao tangu siku ya kwanza walikuwa wa ukoo wa mama yao. Hakuwahi kulalamika. Baba yake naye aliishi hivyo hivyo.

Zelifa alifariki wakati kitindamimba wao, Alinafe, akiwa bado ananyonya. Mwaka wa msiba ulipokaribia kwisha, Alinafe alikuwa anakimbia, na nyumba nzima ilikuwa chini ya amri yake. Wakati wa kuoga alichomoka kwenye beseni na povu kichwani, akawapita kuku, huku kaka yake Limbani, mwenye miaka tisa, akimkimbiza.

"Mshike, anakwenda kwenye majivu!" Falesi, dada mkubwa, alipiga kelele.

Akishikwa, alimng'ata mshikaji, kisha akambusu palepale. Sahani yake hakuigusa, alizunguka kwa kila mtu akidai "Na mimi!" mpaka tonge la kila mmoja likapita kinywani mwake. Walishindana nani alale naye, ingawa wote walijua atawakojolea.

Msiba ulipokwisha, wazee wa ukoo wa Zelifa walimfungua Yotamu rasmi. Walimshukuru kwa kuwatunzia binti yao, wakamwambia yuko huru kurudi kwao na kuoa. Watoto wangebaki, hilo halikuhitaji kusemwa.

Mchana ule alimfuata Sailesi, kaka wa Zelifa, mwenye neno la mwisho juu ya wapwa zake.

"Shemeji, naomba Alinafe tu."

Sailesi alicheka. "Huyo? Utamfunga na kamba gani? Hata mbuzi wangu wanamkimbia." Kisha akaona uso wa Yotamu, akaacha kucheka. "Wakubwa siwezi, shemeji. Lakini huyu bado mdogo, hatatukumbuka. Mchukue. Wazee niachie mimi."

Hakuna mume aliyewahi kupewa mtoto pale. Yotamu alirudi nyumbani karibu anakimbia.

"Falesi, mfungie mdogo wako nguo. Naondoka naye."

Falesi alikunja magauni manne, moja baada ya jingine, bila kuinua macho. "Uji wa moto hali, baba. Umpozee kwanza. Na akikataa kulala, mshike sikio, hivi, taratibu."

Limbani alikuwa amesimama mlangoni. "Sasa sisi tutamkimbiza nani?"

Alinafe aliona furushi, akalivuta, akajitia gauni moja kichwani na kutoka nalo mbio. Limbani akamfuata. Falesi naye, aliyetembea kama mwanamke mzima tangu mama azikwe, alikusanya sketi yake akakimbia uwanjani akipiga vigelegele. Yotamu aliwatazama wakizunguka jiko mara ya pili, mara ya tatu. Ndipo akaketi chini, akafungua furushi, akarudisha nguo moja moja sandukuni.

Kesho yake asubuhi Sailesi alishangaa. "Nimekupa, umekataa?"

"Nimewaachia wenzake, shemeji."

"Utajuta."

"Nimeshaanza."

Alifunga mkeka na jembe kwenye baiskeli. Alinafe, kama kawaida, alidai apandishwe. Yotamu alimkalisha mbele, akamzungusha uwanja.

"Tena!"

Akamzungusha tena, wakubwa wakikimbia ubavuni.

"Tena, baba!"

Safari ya tatu alisimama kwa Falesi, akamkabidhi. Mtoto aliinyooshea baiskeli mikono yote miwili, akalia kwa hasira, si kwa huzuni, maana aliamini zamu yake imekatwa tu.

"Mpeleke nyuma ya nyumba," Yotamu alisema.

"Baba, lini..."

"Mpeleke, mwanangu."

Akaanza kukanyaga pedali kabla hawajafika kwenye pembe ya nyumba.