Mfalme wa Karani

Mume wa Mumina, karani katika mji wa Garsen, alikuwa mwanafunzi wa masomo kwa njia ya posta, na hakuna kitu kilichomchosha Mumina mwaka ule kama kile kitabu chake cha mchezo wa kuigiza. Karani alikisoma akiwa amesimama, penseli sikioni, na kila baada ya kurasa mbili alikipiga kofi kana kwamba ni ng'ombe aliyegoma kuvuka mto. "Mjinga huyu mfalme!" alifoka. "Anamwoza binti yake bila kumuuliza! Mtoto atajiua, utaona!" Alfajiri mfalme, adhuhuri mfalme, hata wali ulipoa kwa ajili ya mfalme. Siku ya tatu Mumina aliliweka chini buyu la maziwa alilokuwa akilisukasuka. "Baba Batula," akasema, "Ijumaa watu wa bwana harusi wanaleta ng'ombe wa mahari. Wewe umemuuliza Batula?" Karani aliitoa penseli sikioni, akaikagua ncha yake kwa muda mrefu, kisha akaita, "Batula!" Binti akaja mbio, akasimama mlangoni, mikono imejaa unga, akangoja. Karani akafungua kinywa. "Chai," akasema, "bado tu?"