Sukuma ya Dawa ya Kantilal

Mpaka leo nikipita soko la Rongai nikiona mboga ya sukuma wiki imekolea rangi naangalia kando, kwa sababu huku kila mtu anajua habari yangu, na nikichelewa kuisimulia mwenyewe kuna mtu atanisaidia na kuongeza chumvi.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, mimi mwalimu kijana, mtoto wetu Kamau bado wa kubebwa, na baba mkwe alikuwa na ekari moja karibu na mto ambayo niliitamani hata usingizi ukanipotea. Sasa Nakuru mjini kulikuwa na Kantilal, mzee mpole wa duka la vitambaa, aliyeweka chini ya kaunta vidonge vyeupe vya homeopathi vya kutibu kikohozi, akaniambia hata mimea inavipenda. Unayeyusha kidonge kwa ndoo ya maji, unachota kidogo unatia kwa ndoo ingine, halafu ingine tena, na dawa kadiri inavyopungua ndivyo inavyozidi nguvu. (Ningefikiria kidogo tu: kama kupungua ni nguvu, mshahara wangu ungekuwa umenijengea ghorofa.)

Nikapanda sukuma kwa mikebe, mingine nyuma ya jikoni nikainyweshea dawa, mingine kando ya njia nikaipa maji matupu. Ile ya nyuma ya jikoni ilinona, majani mapana kama sinia. Baba mkwe alipotutembelea, mke wangu Wanjiru akampikia hiyo, mzee akala, akaongezwa, akasema, "Mwalimu, hii ni tamu."

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi na mdomo wangu nikamwomba ile ekari, nilime kwa dawa bila mbolea hata kiganja.

"Umefanya mara moja," mzee akasema. "Fanya tena mbele ya watu. Ukiitambua ya dawa, shamba utalima."

Akapanga mikebe mipya uwanja wa kanisa, ile ya dawa akaitia alama ya makaa chini, kina mama wa kanisa wakawa wananyunyizia, mimi nikakatazwa hata kusogea. Jumapili moja baada ya ibada nikaitwa. Sukuma yote ilikuwa sawa, lakini mtu aliyeamka akapiga viatu rangi hawezi kusema hajui, kwa hivyo nikapapasa majani, nikaeleza habari ya mishipa, nikachagua. Mzee akapindua mkebe: hakuna alama, ni wa maji matupu. Nikachagua mwingine: maji matupu. Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Ningeenda nyumbani. Badala yake nikasema, "Lakini ile ya kwanza, Baba, si ulikula mwenyewe? Wanjiru, waambie ilivyokuwa!"

Wanjiru akaangalia chini. "Baba Kamau," akasema polepole, "pale nyuma ya jikoni ndipo mimi humwaga maji ya kusuuza nepi."

Hakuna aliyekohoa tena. Niliona mzee akimeza mate, na aibu niliyosikia siwezi kumtakia hata adui.

Ekari akapewa shemeji yangu, mtu wa samadi asiye na maneno mengi. Kantilal nilipomweleza alitikisa kichwa kwa huruma, akasema pengine sikuipunguza dawa vya kutosha. Tangu hapo sijapanda kitu kwa mkebe, wala sipandi.

Mzee hakunigombeza hata siku moja. Ila akija kwetu huja na sukuma yake imefungwa kwa gazeti, anampa Wanjiru, halafu anavuta kiti mlangoni mwa jikoni anaangalia ikioshwa.