Mafuta Mepesi kwa Gari la Bakari

Kariakoo ya utoto wangu ungeweza kuitembea umefumba macho kwa kufuata harufu za mafuta peke yake. Mafuta ya nazi kwenye maduka ya vipodozi, oili iliyoungua nje ya maduka ya vipuri, mafuta yaliyochoka chini ya mihogo ya kukaanga, na nyumbani kwetu mafuta ya cherehani. Mama alikuwa mshonaji, na harufu ile ilikuwa kwenye khanga zake, kwenye mkate wetu, hata kwenye madaftari yangu. Kwa hiyo siku Mzee Kanti alipotupatia vichupa vitatu vya mafuta yasiyo na harufu yoyote, niliyanusa mara mbili, mara tatu, nikadhani katutilia maji.

Mzee Kanti alikuwa fundi wa mashine za fotokopi. Alikaa Upanga, lakini karakana yake ilikuwa chumba cha chini katika jengo letu, nasi tulikaa ghorofa ya pili. Alipokuwa kijana alishindana na binamu zake kwa magari ya rimoti, yale yenye matairi manene ya meno, yaliyotengenezwa kukimbia kwenye vumbi na mashimo. Gari lake la mwisho alimpa kaka yangu Bakari, wiki ile ile Bakari alipoacha shule. Bakari alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi. Miguu yake ilianza kumwangusha akiwa mdogo, na kufikia mwaka ule ilikuwa haimbebi tena. Baba alikuwa dereva wa lori la Tunduru na hakukaa nyumbani. Mama peke yake hakuweza kumshusha ngazi kila asubuhi na kumpandisha kila mchana. Hospitalini walisema ni maradhi ya misuli, afanyishwe mazoezi. Tulimfanyisha.

Gari lilikuja na seti mbili za shokapu za kumeza mashimo, nne nne: fupi za plastiki, na ndefu za alumini zilizong'aa kama vijiko vya wageni. Bakari alizichunguza siku nzima kabla ya kuchagua zile ndefu, kwa sababu kiwanja chetu kilikuwa kibaya. Nyuma ya jengo palibomolewa nyumba ya zamani ili pajengwe ghorofa, mvua za masika zikasimamisha kazi, na pakabaki vifusi, madimbwi na chungu ya mchanga. Yeye aliketi roshani na rimoti. Mimi nilikuwa chini, nikilinyanyua gari kila lilipopinduka. Vile vichupa vilikuwa mafuta ya kutia ndani ya shokapu, namba ishirini, thelathini na arobaini, kutoka mepesi hadi mazito. Mzee Kanti alitufundisha kupima. Unabonyeza mkia wa gari mpaka tumbo liguse meza, kisha unaachia. Likiruka kama chura, mafuta ni mepesi mno. Likijikokota, ni mazito. "Linyanyuke kama mama mkwe anavyotoka kwenye kiti," alisema. "Taratibu, lakini haombi msaada." Bakari alicheka hadi akakohoa.

Tulianza na arobaini. Bakari akabonyeza, akaridhika, na gari likaruka vifusi likatua kama paka. Watoto wa mtaa walipanga mstari kumshangilia kutoka chini, naye akawapungia mkono kama mbunge. Wiki chache zilipita. Asubuhi moja alibonyeza mkia wa gari, akakunja uso. "Mafuta yameganda kwa baridi hii," akasema. "Weka thelathini." Nikafungua shokapu, nikamwaga, nikatia thelathini, nikipampu polepole hadi mapovu yakaisha, kama nilivyofundishwa. Siku nyingi hazikupita, akasema bado ni mazito. Nikatia ishirini. Kisha akataka springi laini zaidi, nikabadilisha. Chini kwenye kifusi gari lilikuwa limeharibika. Lilidundadunda na kupinduka hata kwenye tambarare. Lakini kila nilipolipandisha juu, Bakari alilibonyeza na kusema neno lile lile: "Gumu."

Nililipeleka gari kwa Mzee Kanti.

"Shikamoo, Mzee Kanti. Tunaomba mafuta mepesi zaidi."

"Marahaba, binti." Akalibonyeza kwa kidole kimoja, mkia ukazama hadi mezani, ukaruka. Akabonyeza tena. "Hii laini kama maji. Nani kasema ngumu?"

"Kaka."

Akaiweka bisibisi mezani. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuona linahusiana vipi na gari: "Siku hizi kikombe cha chai anashikaje?"

Nikamwambia: kwa mikono miwili. Na mama humjazia nusu. Nilipoyasema hayo kwa mdomo wangu ndipo nikayasikia. Mzee Kanti alivua miwani akaifuta kwa shati kwa muda mrefu. Hakunipa mafuta. Alisema tu, "Hamna namba chini ya hiyo, Somoe."

Nilipanda ngazi nikiwa na hasira naye. Nikaingia jikoni, nikafungua shokapu zote nne, nikayamwaga mafuta yote. Nilitaka mara moja tu kaka yangu abonyeze gari lake na lishuke. Nikampelekea, nikamwambia nimepata mafuta mepesi kuliko yote. Akaweka kidole. Mkia haukutikisika. Akaweka kidole cha pili, kisha kiganja, kisha mkono wa pili juu ya ule wa kwanza. Mkia ukashuka nusu, ukamrudisha. Zilikuwa tupu, na bado zilimshinda.

"Umetia namba ngapi?"

Nikalivuta gari upande wangu.

"Somoe. Namba ngapi?"

"Hamna kitu, kaka. Nimeyamwaga."

Kutoka sebuleni tuliusikia mguu wa mama ukikanyaga cherehani, kisha ukasimama. Bakari hakulia. Alitazama mikono yake kama mtu anayetazama vitu alivyoazimwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikaelewa kwamba hakuwa akitudanganya kuhusu mafuta. Alikuwa akijiombea siku chache zaidi. "Usimwambie mama," akasema, ingawa mama alikuwa amekwisha simama mlangoni. Kisha: "Rudisha arobaini. Utabonyeza wewe, uniambie."

Ndivyo tulivyofanya hadi mvua zikaisha. Mimi nilibonyeza, naye alifumba macho akauliza: linarudi vipi, linasita wapi, upande wa kushoto na wa kulia ni sawa? Sikuwa na maneno, nikayatafuta. Gari likatua tena kama paka. Kufikia kiangazi vidole gumba vyake havikuweza tena kusukuma rimoti, na nilipomwuliza kama nimwendeshee, alisema hapana, lifunge kwenye boksi. Nililifunga. Hakuna kingine nilichoweza kufanya, wala mama, wala Mzee Kanti na mabisibisi yake yote. Bakari aliishi miaka minne zaidi.

Leo pale kwenye vifusi pamesimama ghorofa kumi, na maradhi ya kaka yangu yana jina refu ambalo nimejifunza kulitamka. Nimeambiwa kwamba hupitia kwa mama kwenda kwa mwana wa kiume. Mama alifariki bila kuambiwa hivyo, na kwa hilo namshukuru Mungu. Zamani hatukujua na hatukuweza. Sasa tunajua, kipimo kipo, lakini dawa ya kuyaondoa bado. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano. Jumatatu iliyopita nilimpeleka akatolewa damu, na wakatuambia majibu yatachukua wiki kadhaa. Alikaa kwenye benchi akichezesha miguu, pamba imebandikwa mkononi, akauliza kama tukitoka pale tutapitia aiskrimu. Nikamwambia ndiyo.